Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Kila Kijiji Kiwe na Kikosi cha Uokoaji

Ndugu wasomaji, leo nataka tuzungumze juu ya dakika 10 za kwanza baada ya mtu kupatwa na ajali. Dakika hizo hazimngoji daktari. Hazingoji gari. Katika dakika hizo mgonjwa yuko mikononi mwa jirani zake. Jirani hao ni mimi na wewe.

Nitaanza na kisa kimoja. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria. Ilikuwa saa kumi jioni. Akina mama walikuwa wakianua dagaa. Mtoto wa kiume wa miaka kama 9 alizama karibu na mwalo. Kijana mmoja aliruka majini akamtoa. Tulifurahi sana. Tulidhani kazi imekwisha.

Kumbe kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mtoto alikuwa hapumui. Watu walikuja mbio, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema ashikwe miguu, kichwa kiwe chini, maji yatoke. Mwingine alisema alazwe juu ya dumu abingirishwe. Wa tatu alitaka yawashwe majani apate moshi. Mimi nilikuwa mmoja wa walioshika miguu. Tulimtikisa kwa muda mrefu. Maji yalipotoka mdomoni tulishangilia. Kisha tukampakia kwenye baiskeli, tukakimbia naye zahanati. Mganga alimpima. Halafu akamfunika uso kwa kanga ya mama yake.

Baadaye mganga yule alituita pembeni. Alituambia hivi: "Mtu aliyezama hafi kwa sababu ya maji yaliyomo tumboni. Anakufa kwa sababu amekosa hewa. Ninyi mlimtoa maji. Nani kati yenu alimpa hewa?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa watu zaidi ya 30 pale mwaloni. Wote tulitaka mtoto aishi. Nguvu tulikuwa nazo na nia njema tulikuwa nayo. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefundishwa. Pengine mtoto yule angepona, pengine asingepona. Lakini sisi tulimnyima hata nafasi ya kujaribu.

Ndiyo sababu leo nasema: kila kijiji kiwe na kikosi chake cha uokoaji, kilichofundishwa na kinachofanya mazoezi.

Kwa nini tusingoje gari?

Ubongo wa mtu ukikosa hewa, huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6. Mwili wa mtu mzima una damu kama lita 5 tu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa na panga au na bati, mtu anaweza kufa katika dakika chache. Sasa jiulize, ndugu msomaji: kutoka kijijini kwako hadi kituo cha afya ni mwendo gani? Je, wakati wa masika? Je, usiku?

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Gari la wagonjwa ni fimbo nzuri. Hospitali ni fimbo nzuri zaidi. Tunazihitaji, na ni lazima tuendelee kuzidai. Lakini nyoka yumo chumbani, na fimbo iko wilayani. Ya karibu ni ipi? Ya karibu ni mkono wa jirani uliofundishwa.

Wapo watakaosema, ajali haina kinga. Mimi sipingani na wazee. Lakini neno hilo lisitufanye tukunje mikono. Kuanguka mtini kunaweza kukosa kinga. Kufa kwa damu iliyotoka saa nzima huku watu wamesimama wakitazama, hiyo ina kinga. Kinga yake ni mafunzo.

Ziwa limetufundisha

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliundwa kubeba abiria 101. Siku ile kilikuwa kimebeba wengi zaidi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Waliofika kwanza walikuwa wananchi wenye mitumbwi. Usiku ulipoingia kazi ya kutafuta watu ilisimama. Hata hivyo, siku 2 baada ya ajali, fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai. Alikuwa amepata mahali penye hewa ndani ya kivuko. Hapo tunaona kwamba mtu aweza kuwa hai pale tunapodhani wote wamekwisha.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Watu 24 waliokolewa, na 19 walikufa. Hapo tena, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika. Walikwenda na mitumbwi na makasia yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliumia akiwa katika kazi hiyo. Taifa lilimpongeza. Rais aliagiza kijana huyo apewe kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apate mafunzo.

Ni jambo jema sana, na kijana alistahili. Lakini tutafakari kidogo. Kijana yule alipata mafunzo baada ya ajali. Alikwenda kwenye ndege akiwa na kasia na moyo wake tu. Je, wavuvi wangapi katika mialo yetu wana moyo kama wake? Ni wengi. Wangapi wamefundishwa namna ya kumtoa mtu majini bila kuzama naye? Wangapi wanajua kumpa hewa? Tusingoje ajali ituonyeshe mashujaa. Tuwafundishe sasa.

Nani awe katika kikosi?

Kikosi kisiwe kikubwa. Watu 10 au 12 wanatosha, mradi kila kitongoji kiwe na watu wake. Kichaguliwe katika mkutano wa kijiji, na majina yaandikwe ofisini. Wachaguliwe wale ambao tayari wapo karibu na hatari: mvuvi, dereva wa bodaboda, mgambo, fundi wa visima, mwalimu, mama mwenye genge. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe kiungo kati ya kikosi na zahanati.

Nusu yao wawe wanawake. Mchana wanaume wengi wako ziwani au machungani. Anayebaki nyumbani mtoto akimwagikiwa uji wa moto ni mama. Tena mjamzito akishikwa na uchungu njiani, atataka mwanamke mwenzake awe karibu.

Mlevi asichaguliwe, hata kama ana nguvu za nyati. Anayetafuta sifa pia asichaguliwe. Tunataka mtu mtulivu, anayepokea maelekezo na anayeitika akiitwa usiku.

Wafundishwe nini?

Wakufunzi wapo. Waganga na wauguzi wetu wanajua kazi hii. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hufundisha wananchi. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho hufundisha huduma ya kwanza. Kijiji kiandike barua kupitia kwa mtendaji, kiombe mkufunzi. Mambo ya kuanza nayo ni haya:

1. Kujilinda kwanza. Mwokoaji akifa, kijiji kimepata maiti wawili. Mtu akizama, usimrukie ukiwa mikono mitupu. Mnyooshee kasia au mti mrefu. Mtupie kamba iliyofungwa dumu tupu lenye kizibo. Mfa maji haachi kutapatapa, na akikushika mnazama wote. Vivyo hivyo mtu akizimia ndani ya kisima au shimo la choo, wa pili asishuke kumfuata. Humo mnaweza kuwa na hewa mbaya isiyoonekana kwa macho. Kuna familia zilizopoteza ndugu wawili na watatu kwa njia hiyo, mmoja akimfuata mwenzake.

2. Kumpa mtu hewa. Mtu asiyeitika na asiyepumua alazwe chali mahali pagumu. Kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, kidevu kiinuliwe, njia ya hewa ifunguke. Kifua kikandamizwe katikati mara 30, kisha apewe pumzi 2 mdomoni, na kurudia bila kuchoka. Kwa mtu mzima kifua kiingie ndani sentimita 5 hadi 6. Mwendo uwe mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyezama huanza kupewa pumzi, kwa kuwa hewa ndiyo aliyoikosa. Asishikwe miguu. Asibinywe tumbo.

3. Kuzuia damu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu, usiachie. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usipake udongo, majivu wala petroli. Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka na haikomi, kikosi kifundishwe namna ya kufunga kitambaa kipana juu ya jeraha, kukikaza kwa kijiti, na kuandika saa kilipofungwa.

4. Kubeba aliyevunjika. Aliyeanguka mtini au kwenye pikipiki anaweza kuwa ameumia shingo au uti wa mgongo. Tukimnyanyua kama gunia la mahindi, tunaweza kumpoozesha sisi wenyewe. Watu 4 wamgeuze pamoja, kwa sauti ya mmoja, shingo ikishikwa isicheze. Alazwe juu ya ubao au machela. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye fito ili usitikisike.

5. Kuacha yale yasiyofaa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, sumu isinyonywe, wala asikazwe kamba. Jiwe la nyoka haliondoi sumu. Avuliwe pete na bangili, atulizwe, asitembee, abebwe haraka kwenda hospitali. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Mwenye kifafa asitiwe kijiko mdomoni. Aondolewe karibu na moto, kisha alazwe ubavu. Wapo wanaoogopa kumgusa kwa kudhani kifafa huambukiza kwa mate. Hakiambukizi hivyo hata kidogo. Kwa hofu hiyo watu wameachwa wakiungua jikoni. Jambo hili ni aibu kwetu.

6. Kupeleka habari. Wakati wengine wanahudumia, mmoja apige simu. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Namba 115 ni ya mfumo wa m-mama, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Haitozwi kitu. Palipokosekana gari la wagonjwa, mfumo huo humwita dereva wa gari la kawaida aliyeandikishwa, naye hulipwa. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuueneza nchi nzima. Mjumbe aseme mambo manne: mahali, kilichotokea, idadi ya watu, na hali zao. Asikate simu kabla hajaulizwa.

Ndugu wasomaji, nimeandika haya ili mjue kazi ilivyo. Lakini gazeti haliwezi kumfanya mtu mwokoaji. Kuogelea hakufundishwi ubaoni. Ni lazima mikono ifanye. Na mikono husahau. Mtu aliyefundishwa mara moja, baada ya miezi michache huanza kuchanganya. Kwa hiyo mazoezi ni lazima.

Hapa nina shauri. Kwa utaratibu wetu, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi 3. Katika kila mkutano, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi, kikosi kipewe nusu saa. Kionyeshe zoezi moja mbele ya watu wote. Leo kizuie damu. Mkutano ujao kibebe majeruhi. Kikosi kitakumbuka, na kijiji kizima kitajifunza kwa macho. Hata watoto watacheka, lakini wakicheka watashika.

Je, gharama?

Najua wengi mtauliza habari ya fedha. Ni haki kuuliza. Basi tuhesabu vitu vinavyohitajika: kamba ndefu ya katani, madumu mawili matupu, fito mbili na magunia mawili imara ya kutengenezea machela, vitambaa safi vilivyochemshwa na kukaushwa juani, wembe mpya, sabuni, glavu kutoka zahanati, tochi na filimbi. Vingi tunavyo nyumbani. Viwekwe pamoja, mahali panapojulikana, na ufunguo uwe na mtu asiyesafiri ovyo. Kuwe na daftari la vitu hivyo. Kamba ya uokoaji isiende kufunga ng'ombe.

Filimbi iwe na maana moja tu. Wazee walisema, la mgambo likilia lina jambo. Ikilia, kikosi kikimbie na wengine wapishe. Mara nyingi umati unaomzunguka mgonjwa humzibia hewa na kumchanganya anayemhudumia.

Wengine wanaogopa. Wanasema, nikimgusa akafa mikononi mwangu, nitaulizwa mimi. Hofu hii ni ya kweli, na haifai kuidharau. Ndiyo maana nasema kikosi kichaguliwe na mkutano, kijulikane na serikali ya kijiji, na polisi wa karibu wapewe taarifa. Mtu akifanya kazi aliyotumwa na kijiji, kwa namna aliyofundishwa, hasimami peke yake.

Tena wapo wanaosema, hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, Serikali ina wajibu wake. Magari, barabara, dawa na waganga ni deni lake kwetu. Kikosi cha kijiji hakifuti deni hilo. Kikosi kinamweka mgonjwa hai mpaka afike mahali penye dawa na mganga. Bila kikosi, gari litabeba maiti. Bila gari na hospitali, kikosi kitachoka bure. Tunahitaji vyote viwili.

Tumewahi kuweza

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio. Wengi ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Walisoma kijitabu, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakachemsha maji. Hawakungoja kila mtu awe daktari ndipo waanze. Walijifunza jambo moja, wakalitenda. Wiki iliyofuata wakajifunza jingine.

Kazi ya uokoaji yaweza kuanza vivyo hivyo. Kikundi chenu cha kusoma kichukue makala hii. Msomeeni mwenyekiti wa kijiji. Msomeeni mganga wa zahanati, arekebishe na kuongeza. Kisha jambo hili lipelekwe kwenye kamati ya huduma za jamii, na kutoka hapo kwenye mkutano mkuu.

Mtoto niliyemsimulia angekuwa mtu mzima leo. Pengine angekuwa na mtumbwi wake. Kila nipitapo mwalo ule huitazama mikono yangu. Ilikuwa na nguvu, lakini haikujua. Ndugu yangu unayesoma, mikono yako ijue kabla ya siku yake kufika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni ajali gani zilizotokea kijijini kwetu katika miaka michache iliyopita? Watu waliofika kwanza walifanya nini?

2. Ni mambo gani tuliyozoea kumfanyia aliyezama, aliyeungua au aliyeumwa na nyoka, ambayo sasa tunaona hayafai?

3. Tukichagua watu 10 leo, tutawachagua akina nani? Nani atamwandikia mkufunzi barua, na lini?